Mbuzi Mwenye Kipara Hapelekwi Ntheo

"Huyo hapana. Toa huyo."

Maundu, muuza mbuzi, alikuwa ameshika mmoja kwa pembe, ameniletea karibu kabisa ili nimsifu. Akaniangalia kama mtu ametukanwa.

"Kwani ako na makosa gani?"

"Huoni hapo katikati ya kichwa? Manyoya imetoka. Hiyo ni kipara. Siwezi peleka kitu ya kipara kwa ntheo, watu wa Kalama wa ukweni wanicheke mpaka nizeeke."

"Musili, alijikuna tu kwa waya. Itaota."

"Mimi nauza dawa za mifugo hapo Machakos mjini, mambo ya manyoya usinifundishe. Nani amekuambia itaota tena? Kitu ya kipara ni ya kipara."

Nilisema kwa sauti, nikijua Ndila, mchumba wangu, yuko nyuma yangu ananisikia. Nilitaka aone bwana yake si mtu wa kuuziwa ovyo ovyo. Ntheo, kwa asiyejua desturi yetu Wakamba, ni zile mbuzi kijana anapeleka kwa wazazi wa msichana. Zikipokewa, huyo ni mke wako, harusi ya kanisa itafuata tu. Zikikataliwa, rudi nazo. Yetu ilikuwa imebakisha wiki tatu. Mbuzi wawili safi nilikuwa nimeshapata, nilibakisha wa tatu, na kifua kilikuwa juu.

Nikageuka nione anavyocheka. Ndila hakuwa anacheka. Alikuwa ameshika nywele zake kwa paji la uso kwa mikono miwili, na hakukuwa na upepo.

"Twende nyumbani," akasema.

"Bado mbuzi mmoja."

"Nimesema twende, Musili."

Sikuelewa. Njia yote kutoka Kathiani nilimpigia hadithi, akawa ananijibu "mm" na "mm". Jioni nikapata meseji:

"Musili naomba ntheo tuisongeshe mbele. Usiniulize kwanini. Nakupenda lakini si saa hii."

Nikapiga simu. Hakushika. Nikapiga tena. Akatuma nyingine:

"Sina shida na wewe. Shida ni yangu."

"Shida gani?" nikaandika.

Akasoma, akazima simu. Sasa wewe niambie, mtu unafanya nini na jibu kama hilo? Anakupenda, lakini si saa hii. Hana shida na wewe, lakini ana shida. Nililala na hayo maneno nikiyageuza, na asubuhi yalikuwa bado hayana kichwa wala miguu.

Siku mbili baadaye mama akapiga simu. Mama yangu, Katunge, hapigi simu kusalimia.

"Uko wapi?"

"Niko dukani, mwaitu."

"Kaa chini."

"Nimekaa."

"Hujakaa. Nakujua. Kaa."

Nikakaa juu ya gunia la chumvi ya ng'ombe.

"Nimekutana na Ndila wako hapa mjini, nje ya duka la dawa. Amejifunga leso kichwani. Nikamkumbatia, leso ikateleza. Musili, amenyoa."

"Amenyoa nini?"

"Kichwa! Yote!"

"Labda ni fasheni, mwaitu."

"Fasheni gani inaliza mtu? Alilia hapo barabarani, akasema, 'Mama, tafadhali usimwambie Musili.' Haya, wewe umesoma. Kwetu mwanamke akinyoa kichwa yote na awe analia, ni kwa nini?"

Jibu nilikuwa nalo. Susu Kalunde, nyanya yangu, alinyolewa hivyo wakati babu alikufa. Wajane wetu wa zamani wote walifanya hivyo.

"Amefiwa," nikasema pole pole.

"Amefiwa na bwana! Msichana hanyoi kwa ajili ya shangazi. Alikuwa na bwana mahali, huyo bwana amekufa, na ndio maana anataka ntheo isongeshwe. Anamaliza matanga kwanza. Sasa nisikie vizuri. Mbuzi hazitoki kwangu mpaka nijue marehemu ni nani."

Akakata. Mteja alikuwa amesimama mbele yangu akitaka dawa ya minyoo ya ndama. Nikampa dawa ya kupe. Bahati nzuri alijua kusoma.

Ndila nilimpata kesho yake saa ya chakula, kwa hoteli ndogo karibu na mahali anafanya kazi. Yeye ni karani wa mapokezi, na kazi hiyo inataka mtu awe nadhifu. Alikuja na nywele zake zote kichwani, nyeusi, ndefu, zimefika mabegani. Nikazidi kuchanganyikiwa. Mama anasema amenyoa, na mimi naona nywele. Nikaagiza chai mbili, nikaamua kuingia pole pole.

"Mama aliniambia ameona."

Akafunika uso. "Nilijua tu. Ameambia wangapi?"

"Mimi peke yangu. Kwa nini hukuniambia, Ndila? Miaka miwili tuko pamoja!"

"Niliona aibu. Na nilidhani itapona tu."

"Kumbe ilikuwa ugonjwa."

"Ilianza mwaka jana, karibu na Pasaka. Kidogo tu hapa pembeni. Baadaye ikaingia katikati."

Nikafikiria mtu mwenye maumivu ya tumbo. Nilimwonea huruma huyo marehemu, wacha niseme ukweli, hata kama simjui.

"Na hukukimbilia daktari?"

"Nilichelewa. Nilikuwa nimeambiwa nipake maji ya kitunguu na mafuta ya nyonyo."

"Kitunguu! Ugonjwa kubwa hivyo na unapaka kitunguu?"

"Kila jioni. Ilikuwa inachoma, lakini nilivumilia."

"Wewe ndio ulivumilia?"

"Sasa nani mwingine?"

Nikanywa chai, ikaniunguza ulimi. Ndila alikuwa amenishika mkono sasa, na macho yamejaa.

"Nilipofika kwa daktari alinieleza wazi, Musili. Akasema za mbele zimekufa, hizo hazirudi. Lakini za katikati zinaweza kurudi."

Nikaweka kikombe chini.

"Zinaweza kurudi? Kwani walikuwa wangapi?"

"Wangapi nani?"

"Mabwana!"

"Mabwana gani?"

"Marehemu! Mama anasema umenyoa kwa sababu umefiwa na bwana. Mimi nimekubali kusikiliza kama mtu mzima, sasa unaniambia kuna wa mbele na kuna wa katikati, na wengine wanarudi! Ndila, mimi niko wa ngapi?"

Alinikodolea macho. Halafu akaanza kucheka. Alicheka mpaka mwenye hoteli akaacha kukata mboga. Nilikuwa karibu kucheka pia, kwa sababu kicheko chake kinaambukiza, lakini kabla sijaanza kikageuka kikawa kilio. Akapeleka mkono kichwani, akavuta. Nywele zote zikatoka. Wigi.

"Nywele, Musili. Nimefiwa na nywele."

Kichwa kilikuwa kimenyolewa, kinaanza kuchomoza vinywele vifupi. Lakini kwa paji na pembeni ya masikio hapakuwa na kitu, ngozi inang'aa. Na katikati kulikuwa na viduara viwili vitatu, laini kabisa. Watu wa mboga, watu wa chapati, wote wanamwangalia.

"Wewe ndio ulisema kwa Maundu," akaendelea. "Kitu ya kipara haipelekwi ntheo. Nani amekuambia itaota tena. Nilirudi nyumbani nikanyoa yote iliyobaki, kwa sababu nilichoka kuificha. Halafu nikaogopa, nikanunua hii."

"Ai, Ndila! Mimi nilikuwa naongea juu ya mbuzi!"

"Najua ulikuwa unaongea juu ya mbuzi. Lakini mimi ndio nilisikia."

Hapo ndipo mwanaume mwenye akili angeinuka, azunguke meza, amshike mpenzi wake. Mimi nilikuwa nimechanganyikiwa, na nikichanganyikiwa narudi kwa kile ninachojua.

"Umejaribu dawa ya upele? Tuko nayo dukani, ile ya kupulizia..."

Alinyanyua wigi yake, akaivaa vizuri bila kioo, akatoka. Nikabaki na chai mbili na macho ya watu.

"Kijana," mwenye hoteli akaniambia, "hata mimi singesema hivyo."

Nilimtumia Ndila meseji za kuomba msamaha mpaka kidole kikauma. Jibu lilikuja moja tu, baada ya siku nyingi:

"Kesho niko na daktari wa ngozi saa nne. Ukitaka kuelewa kuja. Kama hutaki, mbuzi zako peleka kwingine."

Nilifunga duka.

Daktari Ndunda alikuwa mama wa makamo, sauti ya upole, macho ya mwalimu wa hesabu. Ndila alikuwa ameketi bila wigi. Mimi nikasimama kwa mlango, kofia yangu kichwani kama kawaida.

"Huyu ndiye wa dawa ya kupulizia?" daktari akauliza.

"Ndiye," Ndila akasema.

"Karibu, baba. Uliza chochote."

"Ni ya kuambukiza?"

"Hapana."

"Si mapunye, yale ya watoto wa shule?"

"Mapunye ni ukungu. Tulikwangua tukapima, si hiyo. Kuja uone." Akanivuta mpaka karibu. "Hapa mbele ni kuvutwa. Amesukwa kwa kukazwa tangu akiwa msichana, halafu gundi ya wigi, halafu kusukwa tena juu ya kidonda. Mtu akiacha mapema, nywele zinarudi. Yeye hapa amechelewa. Ngozi imefanya kovu, mashina ya nywele yamezibwa. Siwezi kumdanganya."

"Na hapa katikati?"

"Hapo ni kitu tofauti kabisa. Kinga ya mwili imekosea, inapigana na nywele zake yeye mwenyewe. Sehemu hii inaweza kuota."

"Kichwa moja, magonjwa mawili?"

"Ndio maana ulichanganyikiwa," daktari akasema. "Hata yeye alichanganyikiwa. Watu wananunua chupa kwa mtandao kabla hawajajua ni ugonjwa gani. Kuna nywele zinatoka kwa sababu damu imekosa madini, kuna za kujifungua, kuna za homa kali, kuna za kurithi kwa baba na mama. Dawa ya moja si ya nyingine. Tulimpima damu, madini ya chuma yalikuwa chini kidogo, anameza vidonge. Hapa katikati tunadunga sindano ndogo ndogo, tunarudia kila baada ya wiki kadhaa."

"Na itaota kabisa?"

"Inaweza kuota ikae. Inaweza kuota itoke tena. Mimi natibu, sitabiri."

"Na hapo mbele?"

"Hapo, ikishatulia kabisa, kuna upasuaji wa kuhamisha nywele kutoka nyuma. Ni ghali na si lazima. Anaweza kuvaa wigi, bila gundi na bila kukaza. Anaweza pia kukaa hivyo alivyo."

Akaanza kudunga. Ndila alifumba macho, akauma mdomo. Sindano ya kwanza, ya pili, ya tatu. Mimi hudunga ng'ombe bila kufikiria, lakini siku hiyo nilishindwa kuangalia. Nikampa mkono, akaufinya mpaka vidole vikafa ganzi. Nilimpenda sana saa hiyo, nikajiona mjinga sana pia.

Tulipokuwa tunatoka daktari akaniangalia juu.

"Na wewe? Toa kofia tuone."

"Mimi? Mimi niko sawa. Sikuja kuangaliwa."

Ndila akasimama.

"Musili. Miaka miwili sijawahi kuona kichwa yako. Unaoga na kofia?"

"Ni baridi ya asubuhi."

"Ni saa tano na jua linawaka." Akajifunga leso. "Sawa. Leta mbuzi siku ile tulisema. Lakini kama wewe unaficha kichwa yako, usiniambie umenielewa."

Akaenda zake. Daktari akajifanya anatafuta kalamu.

Mama nilimweleza jioni. Ilikuwa kazi.

"Hakuna marehemu, mwaitu. Ni nywele."

"Nywele hazina matanga."

"Zilitoka zenyewe, ni ugonjwa. Daktari amenionyesha. Hajawahi kuolewa na mtu."

Mama akachambua maharagwe, akatupa bovu moja kwa kuku.

"Masikini mtoto wa watu. Na mimi nilimvua leso barabarani." Akapangusa macho kwa mkono. "Mbuzi zitaenda. Lakini Susu usimwambie sasa. Umri ule atachanganya mambo, ataeleza Kathiani nzima. Siku hiyo msichana atafunga kilemba, tumalize salama."

Kesho yake nikapanda kwa Maundu.

"Yule mbuzi wa kipara bado yuko?"

"Si ulimtukana mbele ya wenzake?"

"Nimekuja kumchukua. Na hiyo waya uitoe."

Jumamosi ya ntheo ikafika. Tulifika kwa Mzee Ndeti, baba yake Ndila, huko Kalama, tukiwa watu wachache wenye nguo za kanisani. Mama mbele, Susu Kalunde na fimbo yake, mimi nyuma na mbuzi watatu na kofia yangu. Watu wa nyumbani walitupokea vizuri, tukapewa viti chini ya turubai, chai ikazunguka. Mzee Ndeti ni mtu wa maneno machache. Akaita bibi harusi aje asalimie athoni, ndio sisi wakwe.

Ndila akatoka ndani. Gauni la kijani, shanga shingoni. Kichwani hakuwa na wigi, hakuwa na leso, hakuwa na kilemba. Kichwa kitupu, kimepakwa mafuta kinang'aa, na akatembea wima mpaka katikati ya boma.

Mama akasema, "Asi!" kwa sauti ya chini.

Susu akasimama. Fimbo ikaanguka.

"Woi! Nani amekufa?"

"Susu, hakuna..." nikaanza.

"Amenyolewa! Bwana yake amekufa! Musili wangu amekufa, woi, na mmenileta hapa ninywe chai!"

Na akapiga ukemi, ule wa msiba wenyewe. Susu yangu ana miaka mingi lakini mapafu ni ya msichana. Wanawake jikoni wakasikia ukemi wakatupa sufuria, wakatoka wakilia bila kujua wanamlilia nani. Majirani wakaingia kwa lango wakikimbia. Mzee mmoja alivua kofia yake akaanza kunipa pole, halafu akakumbuka mimi ndiye bwana harusi, akarudi kukaa. Ndila alisimama tu katikati ya yote hayo, machozi yanamtiririka, na hakujifunika.

"Susu! Susu, niko hapa!" Nikamkimbilia. "Mimi ni Musili! Niko hai!"

Akanishika uso kwa mikono miwili, akanipapasa pua, masikio, kidevu.

"Hujakufa?"

"Sijakufa."

"Sasa huyu anakulilia nini?"

"Ni nywele zake, Susu. Zilitoka zenyewe. Ni ugonjwa wa nywele peke yake, anatibiwa."

Susu akamwangalia Ndila kwa muda mrefu. Kilio cha jikoni kikapungua, kikaisha kwa aibu. Mzee Ndeti hakuwa ameinuka kwa kiti. Sasa akainuka, akaja mpaka kwa mbuzi wangu. Akamshika wa kwanza mdomo, akamwangalia meno. Akamshika wa pili. Akafika kwa wa tatu, akasimama.

"Huyu ako na kipara."

Watu wa boma wakasogea kuona.

"Ndiyo, mzee."

"Wewe muuza dawa za mifugo umekosa mbuzi mzima?"

"Nilikuwa nimemkataa, mzee. Nilisema kitu ya kipara haiwezi kupelekwa ntheo. Nikasema mbele ya Ndila, sikujua anapitia nini. Nimerudi kumchukua huyu mwenyewe. Kama kuna wa kukataliwa leo, tukataliwe naye."

Ndila akaja karibu, akainama, akagusa kichwa cha mbuzi. Manyoya mafupi yalikuwa yameanza kuchomoza.

"Ni yule?" akauliza.

"Ni yeye."

"Inaota," Mzee Ndeti akasema.

"Inaota, mzee. Waya ilitolewa."

"Na ya msichana wangu?"

"Daktari anasema zingine zitaota, zingine hazitaota."

"Na zisipoota?"

Hapo ndipo nilijua swali lenyewe. Hakuwa ananiuliza habari za dawa. Ndila alikuwa ananiangalia, si usoni, juu kidogo. Kofia.

Ni kitu kidogo, nguo tu, lakini nilikuwa nimevaa kofia tangu nywele za mbele zianze kunikimbia, kanisani nikikaa karibu na mlango wa nyuma, kwa picha, kwa usingizi. Nikaivua. Jua la Kalama likanipiga pale ambapo halijanipiga miaka mingi, kutoka paji mpaka karibu na kisogo.

Mtu akacheka kwa pua. Nadhani ni mama yangu.

"Zisipoota, mzee," nikasema, "tutazeeka hivi hivi. Mimi ndio nilitangulia."

Ndila akaweka kiganja kichwani mwangu, hapo hapo kwa kipara, akakiacha. Kilikuwa cha moto. Akatabasamu huku bado analia.

"Baridi ya asubuhi, eh?" akaninong'oneza.

Susu alikuwa ameokota fimbo yake. Akamwangalia Ndila kichwa, akaniangalia mimi, akamwangalia mbuzi, akaturudia tena mmoja mmoja.

"Basi kati yenu watatu," akasema, "mbuzi ndiye ana nywele."

Mzee Ndeti alijaribu kujizuia. Mabega yakamtikisika, kicheko kikamtoka, na wale wanawake waliokuwa wanalia wakapiga vigelegele. Akanyoosha mkono, akachukua kamba ya yule mbuzi wa tatu kutoka mkononi mwangu.

"Tumepokea," akasema. "Leteni chai ingine."